Jumba la Shamba Linauzwa: Fungu Lako Liko Wapi?



Leo tunaziweka kando habari za gauni na mapambo. Leo tunazungumzia nyumba.

Wengi wenu mmeiona ile picha iliyozunguka kwenye simu: ukuta mweupe wa chokaa, baraza ndefu, mlango wa nakshi, miembe nyuma yake. Chini yake pameandikwa kuwa nyumba ya kale ya shamba inauzwa, imekarabatiwa, ina kisima na miti. Mkaanza kutuandikia: "Dada zetu, si pale tulipofanyia hina ya wifi?" Ndiyo, ni pale pale. Ambalo wengi hamkulijua ni kwamba nyumba ile ilikuwa ya babu yetu mzaa mama, na kabla haijauzwa ilitukalisha wote kitako, wakubwa kwa wadogo, tukajifunza mambo ambayo dukani kwetu hatujawahi kuyazungumza na bibi harusi hata mmoja.

Kwa wageni wa ukurasa huu: sisi ni ndugu wawili, tumemaliza sekondari, tukasoma kozi ya ushonaji, na tangu 2014 tuna duka la nguo za harusi hapa mjini Unguja. Haya tunayoyaandika tumepewa ruhusa na mama yetu na mjomba wetu, kwa sharti kwamba majina yao na mahali nyumba ilipo tuviache. Tumelikubali.

Majumba ya shamba na wanawake wake

Kisiwa chetu kina historia ndefu ya majumba ya shamba. Wakubwa wa zamani walikuwa na nyumba ya mjini na nyumba ya shamba, na msimu wa joto au wa karafuu walihama na jamaa zao wote. Mtoni ndiko alikokaa Sayyid Said, na ndiko alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Kule Kidichi, sehemu ya juu yenye upepo, Sayyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrzad. Hamamu bado lipo, na ukiingia utaona nakshi za maua kwenye kuta zake. Maruhubi alijenga Sayyid Barghash miaka ya mwanzo ya 1880, likaungua mwaka 1899, na leo tunazijua nguzo zake kwa sababu kila bibi harusi anataka picha pale.

Tukitazama picha hizo tunaona uzuri, lakini yako mambo mawili ambayo picha haiyaonyeshi.

La kwanza ni zito. Mashamba yale ya mikarafuu yalilimwa na kuchumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Anayesifu jumba la shamba bila kuwakumbuka waliobeba mawe yake hajalisifu kwa haki. Na miongoni mwa wazee wetu sisi sote wa kisiwa hiki, wamo waliokaa barazani na wamo waliobeba mawe.

La pili ni kwamba wanawake wa majumba yale walikuwa na mali zao wenyewe. Salme alirithi mashamba kutoka kwa baba yake na kwa mama yake akiwa bado msichana mdogo. Yaliyomtokea baadaye mnayajua: aliondoka kisiwani mwaka 1866, akabadili dini, akaishi Ujerumani, na madai yake ya mirathi ya ndugu zake hayakufanikiwa. Hatumtaji ili awe kigezo. Tunamtaja kwa sababu kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, kinatuonyesha jambo ambalo sisi wenyewe tumelisahau: karne mbili karibu zilizopita, msichana wa Unguja aliweza kuwa na shamba kwa jina lake, na hakuna aliyeona ajabu. Wakati huo Uingereza mwanamke akiolewa mali yake nyingi iliingia mikononi mwa mume, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1882. Sisi haki hiyo tulikuwa nayo ndani ya Qur'ani tangu zamani.

Basi ikawaje leo mwanamke wa Kiislamu wa kisiwani anaona haya kuuliza fungu lake?

Nyumba ilivyofufuliwa

Nyumba ya babu haikuwa kasri. Ilikuwa nyumba ya mawe ya mtu mwenye uwezo wa kadiri, aliyejengewa na baba yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitwaliwa na kugawiwa wananchi eka tatu tatu, kwa hiyo siku hizi ukisikia jumba la shamba linauzwa usitegemee mikarafuu mpaka macho yachoke. Mara nyingi ni nyumba, uwanja, kisima na miti ya kuhesabika. Ya kwetu ilikuwa hivyo.

Babu alifariki mwaka 1998, bibi akamfuata mwaka 2009. Baada ya hapo nyumba ikabaki na popo. Paa la upande wa jikoni likaanguka, mzizi wa mtini ukapasua ukuta. Mwaka 2016 mjomba wetu mkubwa akaamua kuitengeneza kwa fedha zake.

Hapa tunataka tumpe mjomba haki yake, kwa sababu kazi aliyoifanya si ndogo. Nyumba za kale za kwetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Sisi washonaji tulilielewa hilo mara moja: kama gauni linavyokatwa kwa kufuata upana wa kitambaa, nyumba hizi zilikatwa kwa kufuata urefu wa boriti.

Fundi wa kwanza aliyeletwa alianza kupiga plasta ya saruji. Ukuta mmoja tu, na baada ya masika moja ukafura na kumwaga chumvi. Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unabaki ndani na kuula. Ni sawa na kumvisha bibi harusi bitana ya nailoni mwezi wa Februari: nje anang'ara, ndani anaungua. Mjomba akamtafuta fundi mzee wa chokaa. Mawe yakachomwa juu ya magogo ya minazi, chokaa ikatiwa maji na kuachwa ipoe na kulainika kwa wiki kadhaa, ndipo ikachanganywa na mchanga. Boriti zilizooza zikatolewa moja moja. Kazi ilichukua karibu miaka miwili.

Na si kila nyumba inapata bahati hiyo. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib ilipoporomoka hali iko katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Kama Beit al Ajaib inaweza kuanguka, nyumba ya babu yetu ingechukua muda gani?

Kuanzia 2018 mjomba akaanza kuikodisha kwa hina, kwa singo na kwa picha. Bibi harusi wetu wengi tuliwapeleka sisi. Asumini ya vikuba tuliichuma pale pale uwanjani, na mikilua ilikuwa nyuma ya kisima.

Bei ilipotajwa

Mwaka jana akapatikana mnunuzi, Mzanzibari anayeishi nje. Bei ikafika shilingi milioni 420.

Mjomba mkubwa akazungumza na mjomba mdogo aliyeko Dar es Salaam, wakakubaliana wauze. Kisha akawapigia simu dada zake watatu, yaani mama mkubwa, mama yetu na mama mdogo, akawaambia kwa upole kabisa: nyumba inauzwa, na kila mmoja atamtoa kwa milioni 10 kama ahsante.

Wote watatu wakajibu, "Haya, kaka, Mungu akuzidishie."

Tulipomuuliza mama kwa nini amejibu hivyo, akasema: "Mimi sitaki kugombana na ndugu yangu kwa ajili ya mawe." Tukamuuliza, je, mirathi ya babu iligawiwa lini? Akanyamaza kidogo. Haikugawiwa. Babu alipofariki ilionekana ni muhali kuzungumza mali na msiba mbichi. Bibi alipofariki ikawa muhali tena. Miaka ikapita, nyumba ikageuka kuwa "nyumba ya mjomba" kwa sababu funguo alikuwa nazo mjomba.

Wenzetu wa visiwani mnalijua neno hili muhali. Ni kuona uzito wa kusema jambo la haki kwa kuogopa kumuudhi mtu. Muhali una uzuri wake, umezifanya familia zetu zikae pamoja katika mengi. Lakini kwenye mirathi, muhali unamla mwanamke kwanza. Na unamla pia mwanamume, kwa sababu unamwacha ashike fungu la mwenzake bila kujua, mpaka siku ya hisabu.

Mjomba hakuwa na nia mbaya. Hilo tumelithibitisha baadaye. Kichwani mwake yeye, nyumba aliyoikuta magofu akaisimamisha kwa jasho lake ilikuwa imeshakuwa yake. Hata alisema, "Mngeiacha ingeanguka," na ni kweli. Lakini kuitengeneza mali si kuimiliki. Sisi tukiletewa gauni la bibi ya mtu limeliwa na nondo, tukalitia lesi mpya na bitana mpya, tunadai ujira wetu. Gauni linabaki kuwa la mwenyewe.

Maneno tuliyomwambia mama

Hatukwenda kwa mjomba. Sisi ni watoto, na mali haikuwa yetu. Kumkabili mjomba wakati mama mwenyewe yupo hai ni kukosa adabu. Tulikwenda kwa mama.

Tulimwambia: mama, fungu hili hukulipanga wewe, wala hakulipanga mjomba. Mwenyezi Mungu amelitaja katika Suratun Nisaa, kwamba wanaume wana sehemu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake wana sehemu, kiwe kidogo au kingi, na kwamba sehemu hiyo ni faradhi. Ukilipokea kisha ukataka kumpa kaka yako lote, ni lako, mpe. Hiyo itakuwa sadaka yako na utapata thawabu zake. Lakini huwezi kutoa kitu ambacho hujapewa.

Mama alikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne, baada ya Alasiri, alimpigia kaka yake mwenyewe. Hakumlaumu. Alisema hivi, na sisi tulikuwa tumekaa pembeni: "Kaka, kabla hatujatia saini kwa mnunuzi, naomba tukae sote, tumwite sheikh anayejua mirathi. Nataka baba yetu alale salama." Basi. Mjomba akasema tukae Jumapili.

Tunaliandika hili kwa urefu kwa sababu wengi mnatuandikia kuwa mkitaja mirathi mtaonekana mna tamaa. Tazameni alivyosema mama. Hakutaja fedha. Alimtaja marehemu.

Hesabu ilivyokwenda

Tulikutana pale pale kwenye nyumba, ukumbini. Sheikh alianza kwa swali moja kwa mjomba: "Ulipoitengeneza nyumba hii, uliwatolea nduguzo sadaka, au ulikusudia urudishiwe?" Mjomba akajibu kuwa alikusudia arudishiwe nyumba ikipata fedha, na mama mkubwa akakiri kuwa wakati ule kaka yao aliwaambia hivyo. Akaenda garini akarudi na boksi la viatu limejaa risiti. Chokaa, boriti, mafundi, bati za choo, kila kitu. Tulistaajabu jinsi alivyotunza.

Jumla ya risiti ilikuwa milioni 94. Sheikh akauliza la pili: "Na kodi ya maharusi?" Hapo pakawa kimya. Tangu 2018, ukitoa gharama za mlinzi na usafi, kodi iliyopatikana ilikuwa milioni 24. Kodi ile ilikuwa ya warithi wote, si ya mwenye funguo peke yake. Kwa hiyo deni la mjomba lililobaki juu ya nyumba likawa milioni 70, na hilo lilipwe kwanza.

Milioni 420 ukitoa 70, zinabaki 350 za kugawa.

Babu aliacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake walikwishatangulia. Mke mwenye watoto anapata thumuni, yaani moja ya nane. Zilizobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Sheikh alichora kwenye karatasi, na sisi tukaiona kama kitambaa kilichokunjwa mara nane: kipande kimoja cha bibi, kimoja kimoja kwa kila binti, viwili viwili kwa kila mtoto wa kiume. Moja na tatu na nne, ni nane. Hakuna uzi uliobaki.

Kisha bibi naye akafariki, wazazi wake wameshatangulia, akaacha watoto wale wale. Kipande chake nacho kikagawiwa kwa kanuni ile ile. Ukijumlisha yote, mali imekuwa mafungu 7: wanaume wawili mafungu mawili mawili, wanawake watatu fungu moja moja. Milioni 350 kwa 7 ni 50.

Milioni 50 kila dada. Si 10.

Mjomba mkubwa aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuwa nakaribia kula milioni 40 za kila dada yangu." Akaomba radhi mbele ya wote, machozi yanamtoka. Mama mkubwa akamkumbatia. Na yeye hakutoka mikono mitupu: deni lake milioni 70 alilipwa, na fungu lake milioni 100.

Kuna mtu atauliza kwa nini mwanamume mawili. Jibu alilolitoa sheikh ni hili: mwanamume anatoka na fungu lake akiwa na jukumu la mahari, la nyumba, la chakula cha mke na watoto. Mwanamke anatoka na fungu lake likiwa ni lake, hana wa kumlisha kwa lazima. Sisi tunaongeza letu: wanawake wengi tunaowajua hawalalamikii nusu ya kaka. Wanachokikosa ni hiyo nusu yenyewe.

Mama mdogo alitaka nyumba isiuzwe, iwekwe wakf. Sheikh akamwambia nia yake ni njema, lakini mtu huweka wakf kilicho chake tu. Kilichowekwa wakf hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Huwezi kufunga mafungu ya wenzako kwa nia yako wewe. Kwa hiyo nyumba ikauzwa kwa ridhaa ya wote watano, baada ya mirathi kuandikwa rasmi na kila mmoja kutia saini yake.

Fedha zilipoingia, mama alitoa milioni 5 akampelekea mjomba, akamwambia: "Hii ni zawadi yangu kwako kwa kuisimamisha nyumba ya baba." Mjomba alikataa mara tatu, mara ya nne akapokea. Mama anasema milioni 5 zile zilimpa raha kuliko 45 zilizobaki. Sisi tunamwamini, kwa sababu zilikuwa zake alipozitoa.

Ukiambiwa nyumba ya kale inauzwa

Tangu habari hii itoke, baadhi yenu mmeuliza mambo ya kununua. Sisi si wanasheria, lakini haya tuliyaona kwa macho yetu, na tunashauri mtu ayaulize kabla ya kuulizia rangi ya milango:

1. Ni ya nani hasa? Kama mwenyewe amefariki, omba kuona karatasi za mirathi, na uhesabu saini. Wakiwa warithi watano, ziwe saini tano, za wanawake zimo. Ukinunua kwa kaka mmoja, umenunua ugomvi.

2. Je, ni wakf? Nyumba nyingi za kale hapa Zanzibar ni wakf. Kauliza Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kabla hujatoa hata arubuni.

3. Ardhi imesajiliwa vipi? Kwetu ardhi ni mali ya umma chini ya Serikali, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 inampa Mzanzibari haki ya kuitumia. Asiye Mzanzibari hukodishwa kwa muda. Anayekuambia vinginevyo muombe akuonyeshe maandishi.

4. Miti ni ya nani? Visiwani kwetu mtu anaweza kumiliki minazi au mikarafuu iliyoko kwenye ardhi anayoitumia mwingine. Usifikiri ukinunua nyumba umenunua na miembe.

5. Ukarabati ulifanywa kwa kitu gani? Gonga ukuta. Ukisikia mlio wa uwazi, plasta imeachana na jiwe. Tazama chini ya ukuta kama kuna chumvi nyeupe. Tazama ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, ndipo zinapoanza kuoza.

6. Maji na njia. Kisima kina maji kiangazi? Njia ya gari inapita kwa nani?

Kwa bibi harusi wetu

Sasa tunarudi kwenu, maana ninyi ndio tuliowakusudia.

Tunawapima vifua na viuno, tunajua mnachokipenda, lakini mara nyingi tunawaona mkivua bangili za mahari miezi sita baada ya harusi ili mume amalizie bati. Si jambo baya kumsaidia mume. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alimsaidia Mtume wetu S.A.W. kwa mali yake. Lakini mali ile ilijulikana kuwa ni ya Khadija. Yako inajulikana na nani?

Ukitoa dhahabu yako, semeni pale pale mlipo: ni zawadi, ni mkopo, au ni sehemu ya nyumba? Yote matatu ni halali. Lisilofaa ni kuliacha bila jina, kisha baada ya miaka ishirini watoto wenu waanze kuulizana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul Baqarah, inazungumzia kuandika madeni. Mwenyezi Mungu hakuona muhali kulieleza hilo kwa urefu, basi nasi tusione muhali kuandika mistari minne na mashahidi.

Na kama wazazi wako wametangulia mbele ya haki na mirathi haijagawiwa, usingoje mpaka picha ya nyumba ianze kuzunguka kwenye simu. Anza sasa, wakati hakuna mnunuzi na hakuna bei, kwa sababu bei ikishatajwa masikio yanapungua. Anza kwa kumtaja marehemu. Mwite mwenye elimu. Mpe haki yake aliyetunza, na uipokee yako. Ukishaipokea, ukitaka kusamehe, samehe kwa mikono miwili.

Kwa wale waliokwishaweka nafasi za hina kwenye ile nyumba mpaka mwezi wa Shaabani, msiwe na wasiwasi: mnunuzi amekubali zote ziendelee. Baada ya hapo atahamia mwenyewe na jamaa zake. Asumini na mkilua tulikata vijiti kabla ya kukabidhi funguo, na vimeshika uwanjani kwa mama. Vikuba vyenu vitaendelea kuwa na harufu ile ile, inshallah.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliojenga na walioyabeba mawe, awape wauzaji na wanunuzi kauli ya kweli, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa haki kabla ya kudaiwa. Amin.

Wassalaam,
Dada zenu wa cherehani